Rivyu ya UDSM Mlimani: miaka mitatu pale inakupa nini ukiacha cheti

Kila mwezi wa saba matokeo ya fomsiksi yakitoka simu yangu haitulii, mara mjomba, mara jirani wa nyumbani Sumbawanga, mara mzazi tu niliyekutana naye kazini, na wote swali lao ni moja, mtoto kapata divisheni two, sasa tumpeleke chuo au hiyo hela tumpe mtaji afungue duka? Maana mtaani wanawaona wenye digrii wako kwenye bodaboda na kwenye vibanda vya M-Pesa, na wanajiuliza hiyo miaka mitatu yote ilikuwa ya nini. Mi nimesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, BA ya sosholojia, na sasa hivi ni afisa maendeleo ya jamii kwenye halmashauri moja huku bara, kwaiyo nimeona bora niandike rivyu moja ndefu halafu kila anayeniuliza namtumia.

Ajira siigusi sana humu. Hilo linategemea kozi, linategemea serikali inaajiri mwaka gani, linategemea na bahati, na wapo wanaolijua vizuri kuniliko. Nachopima ni kitu kimoja tu, pale mahali panamfanya nini mtu, yaani anaingia binti au kijana wa aina gani na anatoka wa aina gani, na jamii inapata nini kwa yeye kukaa pale. Kwa hilo natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibakiza makusudi na nitasema kwa nini.

Nianze na vyumba maana ndo penye uzito kuliko kote. Watu wanadhani huduma kuu ya chuo ni lekcha. Lekcha ni sehemu, sikatai, ila mi kilichonikuza kuliko vyote ni chumba. Nimetoka shule ya bweni ya wasichana, wengi wetu wa kanda moja, chakula kimoja, dini karibu zile zile. Nafika hosteli ya Mabibo napangiwa chumba na mtu wa Pemba, mtu wa Rombo, mtu wa Bunda na mtu wa Kyela, na kila mmoja ana namna yake ya kulala, ya kusali, ya kuongea na simu, ya kutumia hela. Wa Pemba anaamka alfajiri kuswali, wa Bunda anasoma mpaka saa nane usiku na taa inawaka, wa Rombo hataki kitu chake kiguswe hata kijiko, sasa hapo hakuna matroni wa kupiga kengele, hakuna mama wa kuamua, mnakaa wenyewe kitandani mnaongea mpaka mnaelewana taa izimwe saa ngapi na nani anafagia lini. Na mimi kama mtu wa Sumbawanga walikuwa wananiogopa kabisa wiki za mwanzo, mambo ya radi na uchawi wameyasikia tangu wadogo, na ilibidi niwaeleze nyumbani kwetu kukoje, tunalima nini, tunaishi vipi, na baadaye wawili kati yao wakaja kutembea Rukwa likizo wakalala kwa mama yangu wakala naye ugali na samaki wa Ziwa Rukwa. Hiyo kitu huwezi kuisoma mahali. Mtu amekulia Rombo hajawahi kula chungu kimoja na Mpemba, leo anajua mwezi wa Ramadhani rafiki yake anahitaji nini usiku na anamsaidia kuandaa daku bila kuombwa.

Af kuna msiba. Hapa nataka mzazi asome taratibu. Mwaka wa pili mmoja wetu alifiwa na baba yake, taarifa ilikuja usiku, na mpaka asubuhi CR, yaani mwakilishi wa darasa, alikuwa ameshatangaza kwenye grupu la WhatsApp, rambirambi zinaingia kwenye namba ya mhazini elfu moja moja, elfu mbili mbili, watoto ambao wenyewe boom, ile hela ya mkopo, halijatoka na wanakula mara moja kwa siku, na ikapatikana nauli ya mfiwa pamoja na ya wawakilishi wa darasa kwenda mpaka kijijini kwao. Walirudi wakasoma mapato na matumizi mbele ya darasa zima. Vijana wa miaka 21, 22, hakuna mtu mzima aliyewasimamia. Leo naenda kwenye vijiji kuunda vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, na nikiwaeleza mhazini lazima asome hesabu mbele ya watu, mi hilo sikulipata kwenye semina ya halmashauri, nimelibeba toka Mlimani.

Hela nayo inakukuza kwa nguvu. Kwa wasiojua, boom ni ile hela ya kujikimu ya mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, inatoka kwa mafungu, na kiwango cha chakula na malazi kilipandishwa toka 8,500 kwa siku mpaka 10,000. Ukiigawanya kwa siku unaona ni kidogo, lakini inakuja kwa mkupuo, na mtoto ambaye hajawahi kushika hata laki moja yake mwenyewe ghafla ana laki kadhaa kwenye akaunti. Utaona watu wiki ya kwanza wako Mlimani City wananunua simu, wiki ya sita wanaomba wenzao mia tano ya chai. Na utaona wengine wanatuma nusu nyumbani kwa sababu kuna mdogo yuko sekondari. Wote hao wanajifunza, na mimi naamini ni heri mtu ajifunze hilo akiwa na miaka 20 na wenzake wa kumkopesha wapo, kuliko alijifunze ana mke na watoto. Ila wazazi msisahau ile ni deni, ukipata kazi inakatwa 15% ya mshahara wa msingi, kwaiyo mtoto ajue toka siku ya kwanza anachokisaini.

Vimbweta sasa. Zile meza na mabenchi ya zege chini ya miti ndo chuo chenyewe, ndo pa kusomea, pa kubishana, pa kuchumbiana, pa kupangia kazi za grupu. Kazi ya grupu watu wanailalamikia sana kwa sababu kila grupu lina mtu asiyefanya kitu na jina lake linawekwa, ni kweli, ila hebu niambie kazini utakwenda wapi usimkute huyo mtu? Pale unajifunza kumwambia mwenzako "jina lako hatuweki" na kesho mkasalimiana. Kwa msichana aliyetoka shule ya wasichana tupu kama mimi ile ya kukaa kimbweta kimoja na wanaume sita, wewe ndo una hoja sahihi na wao wanaongea kwa sauti kubwa, na ukashikilia hoja yako mpaka mwisho, hiyo ni elimu kamili peke yake. Halafu inakuja prezo, unasimama mbele ya semina na Kiingereza chetu hiki cha kuanzia fomu wani, magoti yanatetemeka, lekchara anakuuliza swali na hamna pa kujificha. Nimewaona watu waliokuwa hawawezi kutaja majina yao mbele ya watu wanamaliza mwaka wa tatu wanatetea tafiti zao wamesimama wima kabisa.

Kitu ambacho nadhani ndo bora kuliko vyote na ndo kinachotumika kidogo kuliko vyote ni Ukumbi wa Nkrumah na mihadhara yake ya wazi. Ni ule ukumbi uliokuwa nyuma ya noti ya mia tano, wengi mmeushika mkononi bila kujua. Mtu anayeingia pale aijue kwanza historia ya nyumba anayoingia. Chuo kilianza Oktoba 1961, hata uhuru bado, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wa sheria hawafiki hata ishirini, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Baadaye kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, kikahamia kilimani, mpaka 1970 kila kimoja kikasimama chenyewe. Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, alifundisha hapo, na kile kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972 akiwa hapo hapo Dar. Yoweri Museveni alikuwa mwanafunzi hapo miaka ya mwisho ya sitini na akawa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa kimapinduzi, USARF, kilichokusanya vijana toka nchi mbalimbali. Hao watu walikuwa wanabishana usiku mzima kuhusu ukombozi wa Afrika wakati vita vya Msumbiji vinaendelea, na walikuwa na umri ule ule wa mtoto wako.

Na kuna ya 1966, hii naipenda sana. Wanafunzi waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) na kukatwa mishahara watakapoanza kazi, wakafika mpaka Ikulu, Mwalimu Nyerere akawasikiliza, akakasirika, akawafukuza zaidi ya mia tatu wakarudi makwao vijijini, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa 20%. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata. Tuliijadili kwenye semina moja ya DS, lile somo la maendeleo, na darasa liligawanyika katikati, wengine wanasema aliwaonea, wengine wanasema walistahili, na mpaka leo mimi naona wote walikuwa na haki ya kusema walichosema. Ila Mwalimu alikuwa na mfano wake miaka hiyo ambao sijaweza kuuacha, kwamba msomi ni mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula, sasa akikila asirudi, huyo ni msaliti. Mama yangu aliuza mahindi na maharage ili mimi nipate nauli na kitanda, na bado kodi za watu wasiowahi kukanyaga chuo ndo zimejenga yale madarasa. Huo mfano kwangu ni maisha yenyewe.

Kwaiyo ukisikia kuna mhadhara Nkrumah, nenda. Tangu 2008 kuna Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha taaluma za Umajumui wa Afrika (Pan-Africanism), yaani nafasi maalumu ya profesa, wa kwanza kukikalia alikuwa Profesa Issa Shivji, na matamasha yake yalileta watu wa kila namna, wakulima, wanaharakati, maprofesa wa nje, na mtu yeyote anashika maiki anauliza. Nilimsikia mama mmoja wa kijijini anamjibu profesa kuhusu ardhi na ukumbi mzima ukanyamaza kumsikiliza. Inaniuma kwamba wengi wetu siku kama hizo tulikuwa vyumbani tunaangalia sizini, na viti vya mbele wamekaa watu wametoka Mbagala na daladala mbili kuja kusikiliza kitu ambacho sisi kiko mlangoni kwetu na bure.

Siasa za DARUSO, serikali ya wanafunzi, pia msizidharau. Nilimpigia kampeni rafiki yangu aliyegombea ubunge wa kitivo, tukapita chumba kwa chumba usiku, unagonga, unajieleza, unafungiwa mlango, unagonga wa pili. Alishindwa. Kesho yake alikwenda kumpa mkono aliyemshinda na wakafanya kazi pamoja kwenye suala la wenzetu waliocheleweshewa boom. Nchi hii ingekuwa na viongozi wengi waliopita hiyo shule ya kushindwa na kumpa mkono mwenzako tungekuwa mbali.

Vingine haraka haraka. Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China ikafunguliwa 2018 ni nzuri mno, viti zaidi ya elfu mbili, kuna baridi ya AC kwaiyo beba sweta, na kipindi cha UE, mitihani ya mwisho wa muhula, nenda mapema la sivyo hukai. Msosi wa kafeteria ni wali maharage na ugali nyama wa kawaida, unashibisha. Tumbili wapo wengi, usiache ndizi wala mkate dirishani. Usafiri wa Mwenge na Ubungo sio tatizo. Mazingira ya miti mingi vile ndani ya Dar hii yenye joto, hilo nalo linatuliza akili ya mtu anayesoma.

Sasa ile nyota ya tano.

La kwanza, chuo hakikufuati. Hii ni kwa vyuo vyetu vikubwa vyote vya umma, kozi za pamoja za mwaka wa kwanza zinakusanya mamia ya watu ukumbi mmoja, na mwanafunzi anaweza kumaliza miaka mitatu lekchara yeyote hamjui kwa jina. Usipobisha hodi ofisini kwake saa za kuonana na wanafunzi hutajulikana, na siku unataka barua ya kuombea skolashipu utakosa wa kukuandikia. Kuna mtu ataingia, atadesa, atafaulu bila sapu (mtihani wa marudio) hata moja, atatoka, na hajakua hata kidogo. Vyote nilivyovisifu hapo juu vipo lakini hakuna anayekushika mkono kukupeleka, na watoto wapole wa mikoani ndo wanaokosa zaidi, na ndo waliovihitaji zaidi. Naona kila mwaka wa kwanza angepewa mtu wa mwaka wa tatu wa kumzungusha walau muhula mmoja, haina gharama yoyote.

La pili ni zito na siwezi kuandika rivyu ya chuo kwa wazazi wenye mabinti nikaliruka. Rushwa ya ngono. TAKUKURU walitoa utafiti wao 2020 wakiwa wameangalia UDSM na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), na tatizo lipo, sio maneno ya mtaani. Mzungumze na binti yako kabla hajaondoka, waziwazi, ajue kwamba akitishiwa maksi sio kosa lake, ajue kuna dawati la jinsia, atunze meseji, na ajue kwamba nyumbani watamwamini. Hilo la mwisho ndo lenye nguvu kuliko yote, maana mabinti wengi wananyamaza wakihofia kwao kuliko wanavyomhofia mwalimu. Mahali panapotakiwa kumkuza mtu hapawezi kupata nyota tano wakati msichana mmoja anapanda ngazi za ofisi akiwa na hofu hiyo.

La tatu ni vitanda. Hosteli za Magufuli zilifunguliwa 2017, zinabeba wanafunzi 3,840, zilisaidia sana, lakini bado wanafunzi ni wengi kuliko vitanda. Wanaokosa wanapanga mageto Changanyikeni, Msewe, Savei, Makongo, au wanabebana na wenzao. Mimi mwaka wa tatu nilipanga geto na mwenye nyumba alikuwa anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na maji hayatoki, tukawa tunanunua dumu. Ila hilo la maji linavumilika. Lisilovumilika ni yule anayekaa kwa shangazi Gongo la Mboto, anaondoka saa kumi na moja alfajiri, anasimama kwenye daladala, anasikiliza lekcha akisinzia, na saa kumi jioni anakimbilia foleni. Huyo anapata digrii ile ile. Kimbweta hakijui, Nkrumah haijui, mtu wa Pemba hamjui, maana mambo yote hayo yanaanza saa ambazo yeye yuko Buguruni kwenye foleni. Wazazi wanafanya hivyo kuokoa hela ya chumba na nawaelewa kabisa, lakini mnaokoa hela ya ile sehemu yenyewe iliyokuwa inamkuza.

Na kuna wasiohitaji kuja Mlimani kabisa. Dada yangu mkubwa ni mwalimu, ana watoto, alisoma Chuo Kikuu Huria huku anafundisha na ilimfaa sana, kwa sababu yeye watu tayari anao, majukumu tayari anayo, alichokuwa anakosa ni elimu na cheti. Mtu mzima wa hivyo asiache kazi akakae hosteli. Na kijana ambaye tayari ana ufundi mkononi na wateja wanamfuata, mwacheni apige kazi, chuo hakikimbii. Ila mtoto wa miaka 19 au 20 aliyetoka bwenini, ambaye maisha yake yote ameamuliwa na kengele na mwalimu wa zamu, mkimpa mtaji wa duka leo mnamkabidhi hela na wateja na madeni kabla hajajua kukaa na mtu asiyefanana naye. Mimi nasema apelekwe chuo, na akae hapo hapo.

Kwa mwaka huu basi, kama mtoto wako amechaguliwa Mlimani na ame-confirm, mwambie aombe chumba kwenye akaunti yake ya mwanafunzi mara tu akipata namba ya usajili, asisubiri kufika, na akipangiwa Mabibo asikatae eti ni mbali na madarasa, mabasi yapo. Abebe neti ya mbu, ndoo, pasi, kufuli mbili, na sweta la maktaba. Na wiki ya kwanza ile ya kuwapokea wapya asiikose hata siku moja kwa kisingizio kwamba masomo hayajaanza.